Mfalme wa Historia kutoka Nyamagongo

Mpaka wa Tanzania na Kenya unaanzia Bahari ya Hindi, karibu na mahali Mto Umba unapomwaga maji yake, unauzunguka Mlima Kilimanjaro, halafu unanyooka moja kwa moja hadi Ziwa Victoria. Waingereza na Wajerumani waliafikiana hivyo mwaka 1886, na mwisho wa mstari wakautaja kwa hesabu tu: ukingo wa mashariki wa ziwa, digrii 1 kusini mwa Ikweta. Hakuna mtu wa huku aliyeulizwa. Mstari ulipofika Mara ukawapasua Wakurya, wengine wakabaki Tarime na wengine Kehancha. Ukaendelea kuelekea ziwani ukawapasua na Wajaluo, wengine wakaangukia Shirati na Utegi, wengine Migori na Muhuru.

Kusini kidogo ya mstari huo, katika kijiji cha Nyamagongo karibu na Shirati, alizaliwa Daniel Owino Misiani tarehe 22 Februari 1940. Alikuja kuwa mwanamuziki aliyejulikana kuliko mwanamuziki mwingine yeyote aliyetoka Mara, na pengine aliyesumbuliwa na dola kuliko mwenzake yeyote wa benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo. Kenya walimpa jina la Mfalme wa Historia. Huku kwetu na Ulaya aliitwa babu wa benga. Aliwekwa ndani kwa sababu ya nyimbo. Aliwahi kurudishwa nchini kwao kwa sababu ya nyimbo. Na alipofariki mwaka 2006 magazeti ya Nairobi yaliandika habari zake kama za mtu wao.

Msomaji wa leo anaweza kusema kwamba Shirati ni Rorya, na Misiani hahusiani na Tarime. Wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Misiani alifariki mwaka mmoja kabla. Alizaliwa katika eneo ambalo Waingereza waliliita North Mara, lenye boma lake Tarime, na hadi siku anazikwa kijiji chao kilikuwa kikiandikwa chini ya Tarime. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu Tarime imezoea kutajwa kwa mambo mengine: dhahabu ya Nyamongo, mapigano ya koo, bangi, wizi wa ng'ombe. Wilaya iliyomtoa mtu kama huyu ina haki ya kutajwa kwa jina lake pia.

Shirati ya utoto wake haikuwa kijiji cha mbali kisichojua dunia. Wamisionari wa Kimenoni kutoka Marekani walifika hapo mwaka 1934, wakajenga kanisa, shule na hospitali ambayo hadi leo watu wanaifuata kutoka mbali. Pamoja na dawa na kalamu walileta tenzi za kuimbwa kwa sauti nne, zikatafsiriwa kwa Kijaluo. Mtoto aliyekulia pale alijifunza mapema kwamba sauti mbili zikishikana vizuri, moja juu na nyingine chini yake, maneno yanamwingia msikilizaji bila kubisha hodi. Inasimuliwa kwamba wazazi wa Misiani wenyewe walikuwa waimbaji, na kwamba gitaa la kijana wao halikuwafurahisha hata kidogo. Naelewa kwa nini. Kwa mlokole wa miaka ile gitaa lilikuwa chombo cha vilabuni, na aliyelishika alikuwa ameshaanza safari ya kupotea.

Lakini nje ya uzio wa misheni kulikuwa na shule nyingine ya muziki, ya zamani zaidi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu bila kuielewa nyatiti huwezi kumwelewa Misiani, wala sababu ya serikali kumwogopa.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa kimelazwa chini mbele yake, vidole vya mikono yote miwili vikizidonoa nyuzi. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete nzito ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga mti wa chini wa nyatiti. Mguuni hufunga njuga. Kwa hiyo mtu mmoja ana zeze, ana ngoma, ana kayamba, na juu ya vyote hivyo anaimba. Ukipanda kutoka ziwani kuelekea milima ya Tarime, kisha ukashuka bonde la Mto Mara hadi Mugumu, wilayani Serengeti, unakutana na ndugu yake: ritungu la Wakurya, nalo la nyuzi nane, kubwa zaidi na zito zaidi, sauti yake ikinguruma chini pale nyatiti inapolia juu. Wajaluo na Wakurya wamegombana sana kuhusu ng'ombe. Katika vyombo vya nyuzi ni watu wa nyumba moja.

Mpigaji nyatiti alikuwa na kazi maalumu msibani. Alialikwa au alijileta, akaketi, akamwimba marehemu: ukoo wake, mali zake, ukarimu wake. Akishamaliza marehemu aligeukia walio hai. Aliweza kumtaja tajiri mchoyo mbele ya watu, au mkwe aliyekimbia deni la mahari, au chifu aliyekula kodi, na aliyetajwa alilazimika kuvumilia, kwa sababu mdomo wa mpiga nyatiti ulikuwa na kibali ambacho watu wengine hawakuwa nacho. Alijua pia kwamba kibali kile kina ukingo. Hakumtaja mtu mkubwa kwa jina lake kavukavu. Alimvika ngozi ya fisi, au ya kiboko, au alisimulia kisa cha mtu wa zamani sana, na waliokuwepo wakaangaliana.

Gitaa lilipofika kando ya ziwa, wengi wakilitaja pamoja na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili, vijana wa Kijaluo hawakulipiga kwa namna ya Wazungu ya kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Walizidonoa moja moja, haraka, kama walivyoziona nyuzi za nyatiti zikidonolewa. Hapo ndipo mbegu ya benga ilipo. Gitaa la solo linakimbia juu kwa noti nyembamba zinazofuatana bila kupumua. Gitaa la pili linajibu. Besi haitulii mahali pamoja, inarukaruka na mara nyingi ndiyo inayomwambia mchezaji mguu uende wapi. Ngoma inagonga kama ile pete ya chuma. Waanzilishi walikuwa wengi, na wapo wazee watakaokuambia kwamba George Ramogi au John Ogara walitangulia. Sina haja ya kuwapunguzia sifa. Ninachosema ni kwamba Misiani alipoishika benga aliipa kitu ambacho wengine hawakuwa nacho kwa kiwango hicho: ile kazi ya msibani. Aliurudisha mdomo wa mpiga nyatiti ndani ya muziki wa baa.

Alivuka mpaka miaka ya 1960. Sababu hazikuwa za siri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Hata bendi kubwa za Dar es Salaam na Morogoro zilisafiri Nairobi zikitaka kutoa sahani. Mpiga gitaa wa Shirati, aliyekuwa akiimba kwa Kijaluo, angekwenda wapi kwingine? Kisumu ilikuwa karibu kuliko Mwanza, na Dar es Salaam ilikuwa mbali kuliko zote mbili. Kuna sababu nyingine ambayo inauma kidogo kuisema, kwa kuwa napenda kilichojengwa na lugha ya Kiswahili katika nchi hii. Muziki wa dansi uliotukuzwa na Redio Tanzania ulikuwa muziki wa Kiswahili. Sera ile ilitupatia Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, na ilimwezesha mtu wa Songea kucheza wimbo mmoja na mtu wa Bukoba. Naikubali faida hiyo kwa mikono miwili. Gharama yake ilikuwa watu kama Misiani. Alikuwa Mtanzania ambaye taifa lake halikuwa na sikio la kumsikilizia.

Kenya ilikuwa nalo. Sauti ya Kenya ilikuwa na kituo Kisumu kilichotangaza kwa Kijaluo na hata kwa Kikurya, na mawimbi yake hayakujua habari za digrii 1 kusini. Wazee wa vijiji vya mpakani walikuwa wakimsikia kijana wao kutoka nchi ya jirani. Bendi aliiita Shirati, jina la kwao, na jina hilo likadumu hadi mwisho. Ilibadilika majina mara kadhaa, likiwemo Shirati Luo Voice, wakati mwingine ikiandikwa D.O. 7 Shirati Jazz, na hatimaye dunia ikaizoea kama Shirati Jazz. Hebu fikiria maana yake: kila santuri ya Shirati Jazz iliyouzwa River Road, Nairobi, kila sahani yake iliyotiwa kwenye gramafoni ya baa ya Homa Bay au Kericho, ilibeba jina la mji mdogo wa Mara wenye hospitali ya misheni na mwalo wa samaki.

Santuri zenyewe zinastahili kutazamwa kwa karibu. Zilikuwa ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ukibeba dakika tatu au nne hivi. Wimbo wa Misiani haukuenea humo. Kwa hiyo uliandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na ukakatwa. Upande wa kwanza sauti mbili zinaanza kisa, polepole, gitaa likiitikia kila mstari. Kisa kikishakolea sindano inafika katikati, na mwenye baa anainuka kugeuza sahani. Upande wa pili maneno yanamalizika mapema, waimbaji wananyamaza, na gitaa la solo linaachiwa uwanja. Hapo ndipo watu husimama. Namna hii ya kukata wimbo ilimpa mtunzi mwenye ujumbe mzito nafasi nzuri sana: anayetaka kucheza anasubiri upande wa pili, anayetaka kusikia anasogea karibu upande wa kwanza. Polisi aliyefika baada ya sahani kugeuzwa alikuta watu wanacheza tu.

Aliyezisambaza kwa nguvu kuliko wote alikuwa Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa santuri ambaye baadaye aliingia siasa na kuwa mbunge. Kupitia lebo zake benga ilitoka Nyanza ikasafiri kusini hadi Zimbabwe, na huko ilishika mizizi kiasi kwamba watu waliuita muziki wenyewe kanindo, kwa jina lililochapwa kwenye karatasi ya katikati ya sahani. Wasikilizaji wa kule hawakuelewa neno hata moja la Kijaluo. Waliuelewa upande wa pili wa sahani.

Wale walioelewa upande wa kwanza ndio waliomletea matatizo.

Miaka ambayo Misiani alikuwa anapanda ilikuwa miaka ya maumivu kwa Wajaluo wa Kenya. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi mchana. Oktoba mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, akarushiana maneno hadharani na kiongozi wa upinzani Oginga Odinga, na walinzi wake wakafyatua risasi kwenye umati. Watu walikufa, Odinga akawekwa kizuizini, chama chake cha KPU kikapigwa marufuku. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa, mwili wake ukaokotwa Ngong. Mwaka 1982 jaribio la mapinduzi lilishindwa na wengi wakafungwa. Mwaka 1990 waziri Robert Ouko aliuawa karibu na kwake, Koru. Katika nchi ambayo gazeti liliogopa na bunge liliogopa, watu waliokaa baa walimgeukia mtu mwenye gitaa na kumwuliza: Owino, wewe unasemaje?

Alisema kwa historia. Jina la Mfalme wa Historia halikuwa pambo. Misiani alikuwa msomaji wa Biblia wa aina iliyozalishwa na misheni, aliyezishika habari za wafalme na manabii kichwani, na alikuwa mkusanyaji wa visa vya koo, vya vita na vya watawala wa mbali. Akitaka kusema juu ya mtawala wa leo alimwendea mfalme wa Agano la Kale aliyemdhulumu mtu wake. Akitaka kusema juu ya chama kilichojaa unafiki alikwenda porini, akaita mkutano wa wanyama. Msikilizaji alipewa kisa kizima, chenye mwanzo na mwisho, kinachoweza kusimama peke yake hata mahakamani. Maana ya pili aliiacha kwa msikilizaji mwenyewe. Mwendesha mashtaka angemwuliza nini? Angelazimika yeye mwenyewe kusimama mbele ya hakimu na kusema kwamba fisi wa kwenye wimbo anafanana na mheshimiwa fulani.

Hata hivyo dola haikuhitaji hakimu kila mara. Alikamatwa zaidi ya mara moja, akalala ndani, akahojiwa. Na alikuwa na udhaifu ambao wanamuziki wenzake wa Kisumu hawakuwa nao: alikuwa mgeni. Mwimbaji Mkenya Joseph Kamaru aliimba kwa Kikuyu mambo yaliyowachoma wakubwa, nyimbo zake zikazuiwa redioni, lakini hakuna aliyeweza kumwambia arudi kwao, kwa sababu kwao ni hapo. Misiani angeweza kuambiwa, na aliambiwa. Ule mstari wa mwaka 1886, ambao watu wa kijijini kwake waliuvuka kwa miguu kwenda kuwatembelea mashangazi, uligeuka kuwa fimbo. Alipokuwa akiwaburudisha watu alikuwa mwenzao. Alipowaudhi wakubwa alikuwa Mtanzania, na akarudishwa.

Akirudishwa alikuta nini? Wilaya yenye boma lisilompiga marufuku wala kumpigia makofi. Kwa miaka mingi hata kurudi kazini kulikuwa na mashaka, kwani Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sirari, mji wa mpakani ambako leo malori yamepanga foleni na machinga wanabadilisha fedha kila upande, ilikuwa imetulia. Lakini mpaka ule haukuwahi kufungwa sawasawa kwa mtu wa Tarime. Miaka ile sabuni, sukari na nguo zilipoadimika madukani, njia za ng'ombe zilijaa watu usiku. Sheria iliita safari hizo magendo. Watu wenyewe waliziita kwenda kutafuta. Misiani alikuwa mtu wa nchi hiyo, nchi ya njia za ng'ombe, na nadhani ndiyo sababu hakuna kufukuzwa kulikodumu. Alirudi jukwaani kila mara.

Watanzania tunamjua zaidi msanii mtata wa aina nyingine. Remmy Ongala, ambaye naye alizaliwa nje, huko Kongo, aliimba Mambo kwa Soksi akihimiza kondomu, na Redio Tanzania ikaukataa wimbo huo. Machi 2017 rapa Ney wa Mitego alikamatwa baada ya kutoa Wapo, kisha akaachiwa na wimbo ukaruhusiwa. Hao walisema waziwazi, kila mmoja kwa wakati wake, na naheshimu ujasiri wao. Ila naamini fumbo la Misiani lilikuwa kazi ngumu zaidi, na lenye athari ya muda mrefu. Neno la wazi linapigwa marufuku likiwa zima. Fumbo linabaki barabarani linatembea, kwa sababu anayelipiga marufuku anakiri kwamba amejiona ndani yake.

Mfano mkubwa ni Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, wimbo wa siku zake za mwisho, wakati wa utawala wa Mwai Kibaki. Kibaki aliingia madarakani Desemba 2002 akiwa amebebwa na muungano mpana, Wajaluo wakiwemo, na mwanasiasa wao Raila Odinga akiwa amezunguka nchi nzima kumwombea kura. Muda si mrefu yale waliyoahidiana yalianza kukataliwa, na Novemba 2005 kura ya maoni ya katiba iliwagawa waziwazi, alama ya ndizi upande mmoja na ya chungwa upande wa pili. Misiani hakuimba ndizi wala chungwa. Aliimba nyani. Mzee wa miaka zaidi ya 60, aliyekwisha kuonja mahabusu za Kenyatta na za mrithi wake Moi, alikuwa bado anawavalisha wakubwa ngozi ya mnyama. Wapo waliochukia. Walisema anachochea ukabila, kwamba kumwita mtawala nyani ni tusi hata ukilifunga kwenye hadithi. Hoja hiyo siitupi. Kijaluo kilikuwa lugha ya upande mmoja wa ugomvi, na waliocheka walikuwa wengi zaidi upande huo. Miaka miwili tu baadaye Kenya ilichinjana. Lakini aliyekuwa na bunduki na magereza hakuwa Misiani, na katika mizani yangu jambo hilo lina uzito.

Doa ninaloliona kwake ni jingine. Benga iliishi kwa kutunzwa. Wajaluo wana desturi ya majigambo, pakruok, ambapo mtu huusimamisha muziki, akalipa, akajisifu mwenyewe au akamsifu rafiki yake, kisha muziki ukaendelea. Desturi hiyo ikaingia studio. Nyimbo nyingi za Misiani zimejaa majina ya wafanyabiashara, watumishi wa serikali, wake zao na magari yao, na baadhi zilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa na fedha. Mtu yuleyule aliyewafumba wakubwa kwa ngozi ya nyani aliwasifu wadogo wao kwa majina kamili. Siwezi kujifanya silioni. Nikikumbuka pia kwamba studio za Nairobi zililipa kwa mkupuo mdogo na mauzo yakabaki kwa mwenye lebo, kisha kanda za kunakili zikaja kumalizia kilichobaki, najua yale majina ndiyo yaliyolipa karo na kununua nyuzi mpya. Wimbo wa sifa ulimlisha ili wimbo wa fumbo uimbwe. Haukuwa mpango safi.

Umaarufu wa Ulaya ulimjia akiwa tayari mtu mzima, na ulipita haraka. Mwaka 1987 Shirati Jazz ilipiga Uingereza, na lebo changa ya World Circuit ikatoa Benga Beat. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kusimamiwa na Nick Gold, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa nyuma ya Buena Vista Social Club. Mwaka 1989 zilifuata Piny Ose Mer na Benga Blast!. Wahakiki wa kule waliusifu muziki kwa wepesi na furaha yake, na hawakukosea, maana walikuwa wanasikiliza gitaa. Habari za wafalme na fisi ziliwapita juu ya vichwa.

Tarehe 17 Mei 2006 Misiani alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu. Alikuwa na miaka 66. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ilikusanya rekodi zake za miaka ya 1970 katika albamu moja, ikaiita kwa jina lile walilompa wasikilizaji wake, The King of History. Zimesafishwa vizuri. Anayetaka leo anazipata kwenye simu akiwa Mugumu au Manchester, sehemu ya kwanza na ya pili zimeunganishwa, hakuna wa kuinuka kugeuza sahani.

Kinachopotea ni ufunguo. Gitaa litajieleza lenyewe milele. Fumbo halijielezi. Wimbo uliotungwa mwaka 1975 ulimlenga mtu fulani, kwa tendo fulani, la wiki fulani, na waliokuwa baa walimjua bila kuambiwa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amefikia 70. Mjukuu wake anaweza kuelewa kila neno la Kijaluo na bado akadhani wimbo ni hadithi ya wanyama. Kazi ya kuukusanya ufunguo huo inaweza kufanyika kabla wazee hao hawajaisha, na haihitaji fedha nyingi: walimu wachache wa Shirati na Utegi, wanafunzi wanaojua Kijaluo na Kiswahili, simu ya kurekodia, na ruhusa ya kukaa na wazee wa pande zote mbili za mpaka, wimbo baada ya wimbo, wakiuliza nani alikuwa fisi, nani alikuwa mfalme, na siku ile wimbo ulipotoka nani aliacha kuja baa. Majibu yatapingana, na yaandikwe yote. Waanze na Bim en Bim, ambao mashahidi wake bado ni wengi, kisha warudi nyuma mwaka kwa mwaka hadi 1969.